Kijiko cha Anayeanza

Jumamosi ya kwanza ya msimu wa kahawa, karani Projest alimpandisha mkewe kwenye mizani mbele ya watu.

Mizani yenyewe ilikuwa ya chama cha ushirika, ya chuma, yenye ubao wa kukanyagia, na ilisimama barazani mwa ghala la Nyaishozi. Wakulima walikuwa wamefika tangu alfajiri. Walikaa juu ya magunia yao wakitafuna punje za kahawa na kusimuliana, lakini macho yao hayakubanduka kwenye mkono wa karani, maana mkono huo ulikuwa na sifa zake. Kokwijuka alikuwa amemletea mumewe chakula, matoke na maharage yaliyofungwa ndani ya jani la mgomba, yangali ya moto. Mtoto wao Deodatha, aliyekuwa bado ananyonya, alikuwa mgongoni. Kokwijuka aliweka chakula mezani, akawaamkia wazee, akageuka kwenda zake. Projest akamwita. Akamwambia amkabidhi mtoto kwa mwanamke aliyekuwa mbele ya foleni, kisha apande.

Kokwijuka alidhani ni utani, akatabasamu. Projest hakutabasamu.

"Panda," alisema.

Akapanda. Ubao ukaguna. Projest akakisukuma kijiwe cha mizani taratibu, kidogo kidogo, kama anavyofanya kwa mkulima anayemshuku kuwa ametia mawe ndani ya gunia, kisha akasoma kwa sauti yake ya kazini: frasila sita na ratili nne. Wazee wengine waliinama wakajitia kuchunguza vidole vya miguu yao. Aliyewaokoa, kama kuokoa ndiko kule, alikuwa mzee Ndyamukama, mtu ambaye ulimi wake haukuwahi kuwa na mlango.

"Karani," alisema, "ukitaka mkeo apungue, usijisumbue. Mpime kama unavyopima kahawa yetu. Atapungua leo hii."

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Projest naye alicheka, kwa meno tu, na gunia lililofuata alilikosea hesabu. Kokwijuka alishuka, akamfunga mtoto wake mgongoni, akashika njia. Alijua kuwa hawakumcheka yeye. Alijua pia ni nani atakayelipishwa kicheko kile.

* * *

Jioni hiyo Projest alisema yote yaliyokuwa moyoni mwake. Msimu ukiisha atahamia Bukoba, kwenye ofisi kubwa ya chama, akae nyumba ya bati yenye taa ya karabai. Makarani wenzake wa huko wana wake wanaopanda nyuma ya baiskeli, miguu upande mmoja, mkoba mapajani, wala tairi halilalamiki. Yeye alimpakia mkewe mara moja tu, kwenda misa Bugene, na tairi likapasuka mbele ya padri. Alisema haendi mjini na pipa. Kahawa ikiisha kabla Kokwijuka hajapungua, atamrudisha kwa baba yake Bweranyange. Deodatha atabaki hapa kwa bibi yake, maana mtoto ni wa ukoo.

Hilo la mwisho alilisema huku akivua viatu, kama mtu anayetaja kwamba mvua imechelewa.

Kokwijuka hakuja na mwili ule katika nyumba hii. Alipoolewa alikuwa msichana mwembamba mwenye shingo ndefu. Ni mama mkwe wake, Kemirembe, aliyemtia ndani kama desturi inavyotaka bi arusi atiwe, asishike jembe wala asichote maji, akamlisha. Maziwa asubuhi, maziwa mchana, jioni matoke yanayong'aa kwa samli, mpaka siku alipotolewa nje na wanawake wakapiga vigelegele kwa jinsi alivyokuwa ametanda. Nyumba iliyomtoa mkamwana wa namna ile ilikuwa nyumba yenye ng'ombe, na siku hiyo Projest alitembea kijiji kizima akiwa ametanguliza kifua. Huo ulikuwa uzuri. Sasa uzuri umeitwa pipa, na aliyebadilika si yeye.

Lakini alipomtazama Deodatha aliyelala, ngumi imekunjwa juu ya titi, alijua kwamba atafanya lolote atakaloambiwa.

* * *

Dawa ililetwa na mtu aitwaye Cassian, mchuuzi kutoka Muleba aliyezunguka na baiskeli na sanduku la bati. Ndani ya sanduku mlikuwa na sindano, vioo, viberiti na mafuta ya nywele, na sasa mlikuwa na kopo. Alisema aliwahi kumpikia daktari mmoja wa Kizungu upande wa Uganda, na kwamba mke wa daktari huyo, aliyekuwa mnene kama kiboko, alikunywa unga huu mpaka pete zikawa zinamdondoka vidoleni. Akafungua kopo. Unga ulikuwa mweupe, wa kumeta, kama chumvi iliyosagwa na mtu mvivu. Bei yake ilikuwa bei ya mbuzi, na Projest aliilipa bila kubembeleza, yeye ambaye akiombwa sabuni huuliza ile ya mwezi uliopita imekwenda wapi.

"Mafuta ya mwili ni kama samli," Cassian alieleza, amekaa kwenye kigoda, vidole vikicheza hewani. "Dawa hii ni moto. Moto ukikutana na samli, kinabaki nini? Anayeanza hunywa kijiko kimoja alfajiri. Tumbo likizoea, viwili. Halafu vitatu. Haina madhara hata kidogo, hata mtoto mchanga anaweza kunywa."

Kokwijuka akamuuliza, kwa adabu, kama yeye mwenyewe amewahi kuinywa. Cassian akacheka, akampiga Projest begani kama wanaume wapigavyo wanapoelewana.

"Wanaoanza wote huogopa, mama," alisema. "Ukizoea utashukuru."

Kemirembe alikuwa mlangoni akichambua maharage. Aliposikia swali lile la mkamwana wake, aliinua kichwa, akamtazama Cassian kwa muda, kisha akarudi kwenye maharage yake.

* * *

Kila alfajiri Projest alikaa kwenye kigoda kumtazama akinywa. Alikoroga mwenyewe, akampa kikombe, akalitazama koo lake mpaka funda la mwisho literemke. Ladha ilikuwa ya chumvi, na nyuma ya chumvi uchungu uliong'ang'ania meno hadi jua la utosi. Maji ya uji hayajachemka, Kokwijuka alikuwa tayari anakimbilia mgombani. Kulikuwa na migomba miwili nyuma ya nyumba aliyozoea kuishika, mmoja kwa kila mkono, akisubiri tumbo limalize kumkamua. Alirudi miguu ikitetemeka, akamkuta mumewe amekwisha kuvaa, anapiga mluzi.

Jumamosi alipanda mizani. Uzito ulishuka kweli, na Projest aliusoma kwa sauti kama anayesoma matangazo ya ndoa kanisani. Lakini mikono ya Kokwijuka ilibaki ileile, na mapaja yaleyale. Kilichokwenda kilikuwa maji na nguvu. Akinywa maji ya kukata kiu na kula matoke ya kushiba, ifikapo Jumatano kanga inambana kama zamani. Projest alipoliona hilo hakuishuku dawa. Alimshuku mkewe kuwa anakula kwa siri, akaongeza kijiko cha pili.

Siku moja Kokwijuka alichukua donge la samli, akaliweka kwenye kigae, akalimwagia kijiko kizima cha ule moto wa Cassian, akalifunika. Kesho yake samli ilikuwa palepale, ngumu, na unga umelala juu yake kama vumbi la barabarani. Alimwonyesha mumewe. Projest alisema samli ya kwenye kigae haina damu, na dawa huenda kwa damu. Alikuwa na jibu kwa kila kitu. Mtu aliyekwisha kulipa hakosi jibu.

Watu nao wakaanza kuja. Huku kwetu mtu hapungui hivi hivi. Anapungua mgonjwa, au mwenye njaa, au anayechukiwa ndani ya nyumba. Wanawake walikuja na maziwa kwenye vibuyu na ndizi mbivu, wakaketi juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni, wakasema kwa sauti za chini kama wasemavyo penye mgonjwa. Mmoja alimuuliza Kemirembe kisimani, bila kumtazama, kama ng'ombe wake wamekufa wote. Mwingine, baada ya misa, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba kwa Kemirembe siku hizi mkamwana analishwa kwa kijiko. Kemirembe alitembea kutoka Bugene hadi nyumbani bila kuzungumza na mtu. Alipofika alimwambia mwanawe kuwa watu wanasema anamnyima mkewe chakula. Projest akamjibu kwa Kiswahili, si kwa lugha ya nyumbani, kwamba hizo ni fikra za watu wa kale.

Akaongeza kijiko cha tatu.

* * *

Vijiko vilipofika vitatu, maziwa ya Kokwijuka yalikatika.

Deodatha alivuta titi, akavuta, akaliachia akalia. Kidogo kilichotoka hakikukaa tumboni mwake. Aliharisha kama mama yake. Macho yalizama. Utosi ukabonyea, pale ambapo kidole cha mama hupenda kupita, pakawa kama kijishimo cha kuchezea bao. Alfajiri hiyo Projest alipomletea kikombe, Kokwijuka hakukipokea.

"Imetosha, Projest," alisema. "Mtoto anakufa."

Projest alimtazama mtoto. Tuseme ukweli, alimtazama. Halafu akakitazama kikombe, na gharama iliyokuwa ndani yake.

"Mtoto ataanza uji," alisema. "Kunywa. Imebaki frasila moja tu."

Kokwijuka alikunywa. Hilo ndilo ambalo baadaye hakuweza kujisamehe, na kwa kuwa hakuweza kujisamehe, aliamua kutomsamehe mwingine yeyote.

Kemirembe ndiye aliyemchukua mtoto. Alikamua ng'ombe mwenyewe, akachemsha maziwa, akayapunguza kwa maji, akachovya kitambaa safi na kumdondoshea mjukuu wake tone kwa tone, akisubiri moja limezwe ndipo alete jingine. Hakulala. Kokwijuka alikaa kando yake, kifua kikavu, akihesabu pumzi za mwanawe. Mchana wa pili Deodatha alilia, na safari hii machozi yalitoka. Wanawake wale wawili walitazamana juu ya kichwa chake.

"Bi arusi nilimlisha mimi," Kemirembe alisema. "Mjukuu nimemlisha mimi. Huyu niliyemzaa, sijui nilimlisha nini."

Alfajiri iliyofuata Kokwijuka alikipokea kikombe kwa mikono miwili, kwa heshima, akakiweka chini. Projest alimwonya. Hakukigusa. Projest akasema vyema, ataita wazee wa ukoo, wamwambie mwanamke anayekataa amri ya mumewe hupelekwa wapi.

"Waite," Kokwijuka alisema. "Na Cassian aje, atoe ushahidi wa dawa yake."

Projest alidhani ameshinda. Alipotoka kwenda kazini, Kokwijuka alichukua kopo, akalitikisa sikioni, akafungua kifuniko akachungulia. Unga ulikuwa bado mwingi. Akalifunga vizuri, akaliweka mahali ambapo unyevu usingelifikia.

* * *

Wazee walikutana Jumapili. Mwenyekiti alikuwa Mutalemwa, baba mkubwa wa Projest na mkuu wa ukoo, mzee mrefu mwenye sauti ya taratibu ambaye hakuwahi kuonekana akiharakisha chochote. Waliketi juu ya nyasi mpya. Majirani walijaa mlangoni, na miongoni mwao alikuwepo Ndyamukama, ambaye hakualikwa, lakini yeye hakuwahi kualikwa popote na hakuwahi kukosekana popote. Projest alivaa suruali nyeupe aliyoinunua Bukoba. Cassian alikaa karibu yake, sanduku kati ya miguu.

Kemirembe alileta kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi. Kabla ya kumkabidhi Mutalemwa alipiga funda moja mwenyewe, mbele ya wote, akameza. Ndivyo ilivyo tangu enzi za watawala wa Bweranyange: anayekupa kinywaji hukionja kwanza, ujue hakina kifo ndani yake. Asiyeonja huulizwa, na jibu lake husikilizwa kwa makini sana. Hakuna aliyelitazama tendo lile, kama mtu asivyomtazama anayefuta miguu mlangoni. Kokwijuka peke yake ndiye aliyelitazama.

Projest alizungumza kirefu. Alieleza cheo chake kipya, gharama aliyoingia, subira aliyokuwa nayo, na ukaidi wa mkewe anayekataa dawa inayotumiwa na wake za madaktari. Cassian akafuata, akaeleza samli na moto, pete zilizodondoka, na kwamba haina madhara, hata mtoto mchanga anaweza kunywa. Wazee wawili watatu walitikisa vichwa kwa kukubali, maana alisema vizuri. Ndipo Mutalemwa akamuuliza Kokwijuka kama ana neno.

Kokwijuka alipiga magoti, Deodatha mapajani. Alisema hajakataa kitu. Amekunywa mpaka maziwa yakakauka, na yuko tayari kunywa tena leo, hapahapa, vijiko vitatu au vinne, kisha ukoo umpeleke Bukoba au Bweranyange, popote utakapoamua.

"Nina ombi moja tu, tata," alisema, akimwita Mutalemwa baba kwa lugha ya nyumbani. "Tangu nianze kupewa dawa hii, aliyenipa hajaionja. Wala aliyemuuzia. Naomba waonje kwanza, kama mama alivyowaonjea ninyi rubisi."

Mutalemwa alikuwa ameinua kibuyu. Alikishusha chini polepole, asinywe.

Akamuuliza Projest kama ni kweli. Projest akacheka kidogo, akasema dawa si pombe, dawa ni ya mgonjwa. Mutalemwa akamuuliza mkewe alikuwa na ugonjwa gani. Projest akasema hakuwa mgonjwa, alikuwa mnene. Cassian, kuona mwenzake anazama, akaingilia: unga huu ni wa wanene tu, tata, mwembamba haumfai, mwembamba unaweza kum...

"Kumfanya nini?" Ndyamukama aliuliza kutoka mlangoni. "Maana mtoto mchanga haumfanyi kitu."

Mutalemwa akasema, bila kupandisha sauti, kwamba jambo hili ni jepesi. Kama walichompa mwanamke huyu ni dawa, kuionja hakuna gharama. Kama si dawa, basi shauri si la ukoo tena; kesho asubuhi atakwenda mwenyewe gombolola, kwenye baraza la serikali, aseme kwamba mtoto wa ndugu yake alimpa mama anayenyonyesha kitu ambacho yeye aliogopa kukitia ulimini. Huko watauliza wanachotaka kuuliza, na bila shaka watawauliza pia wakubwa wake wa kahawa.

Projest alimtazama mama yake. Wote wakamtazama. Mama ana haki ya kukitoa kikombe mkononi mwa mwanawe, na hakuna mkutano unaoweza kumlaumu. Hilo Kokwijuka alilijua tangu mwanzo. Katika yote aliyoyapanga, hili pekee hakuweza kulipanga. Aliinamisha macho, akasubiri.

Kemirembe alikuwa akifuta mdomo wa kibuyu kwa jani. Aliufuta kwa muda mrefu.

"Onja, mwanangu," alisema. "Uji wako nilikuonjea mimi. Dawa zako za utotoni nilikuonjea mimi. Sasa umekua."

* * *

Kokwijuka alikoroga mwenyewe, vijiko vitatu katika kila kikombe. Projest alipeleka kikombe mdomoni, akagusa, akataka kukirudisha. Alinong'ona kwamba kuonja si kunywa.

"Mimi niliambiwa nimalize," Kokwijuka alisema.

Akamaliza, na Cassian naye akamaliza chake. Mutalemwa akashukuru. Kisha, kwa raha ya mzee asiye na haraka, akasema kwamba kwa kuwa ukoo umekusanyika, si vibaya vijana wakumbushwe ulikotoka, na mtu asiondoke kabla ya baraka. Akaanza na babu wa kwanza, yule aliyevuka mto na ng'ombe wawili. Kokwijuka alimpa Deodatha titi na kusikiliza. Alijua muda wa dawa ile kuliko alivyojua sala zake.

Cassian alitoka jasho kwanza. Alisema ana safari, akaamka, akakosa kulifunga sanduku lake sawasawa, akapanda baiskeli. Watu wa Nyaishozi walisimulia baadaye kuwa baiskeli ilikutwa imelazwa kando ya njia, sindano na vioo vimetawanyika majanini, na mwenyewe anasikika ndani ya mibuni akiwataja watakatifu. Hakurudi tena upande ule, hata kuuza kiberiti.

Projest alijikaza. Alikuwa na kiburi, na kiburi kilimfikisha hadi mjukuu wa yule babu wa kwanza. Uso wake uliiva, ukapauka, ukaiva tena. Mutalemwa alipofika kwenye mahari ya bibi wa tatu, Projest alisimama, akapiga hatua kuelekea mlangoni, akasimama, akapiga nyingine. Suruali nyeupe haikufika mgombani ikiwa nyeupe. Wazee walimpisha njia. Ni alipokwisha kutoka ndipo Ndyamukama alipouliza, kwa upole, kama hiyo ndiyo samli iliyoyeyuka.

Hukumu ilitolewa akiwa bado huko nje. Mke anabaki katika nyumba yake, kibanja cha migomba hakitoki mikononi mwake, na mtoto yuko alipo mama yake. Bukoba aende anayetaka kwenda. Ama kuhusu kuonja, Mutalemwa alisema funda la siku moja haliwezi kulingana na mafunda ya mwanamke huyu. Projest atakunywa kila alfajiri mama yake akishuhudia, vijiko vilevile, hadi Jumamosi. Na kwa kuwa mkewe alipimwa mbele ya watu, atakunywa cha mwisho na kupimwa mbele ya watu. Asipotaka, njia ya gombolola anaijua.

* * *

Wiki ile Kokwijuka alikaa kwenye kigoda kilekile. Maziwa yalikuwa yanarudi, kidogo kidogo, kama maji ya kisima baada ya kiangazi, na Deodatha aliyavuta kwa pupa huku mama yake akilitazama koo la Projest mpaka funda la mwisho literemke. Halafu alimsikiliza akikimbia. Migomba ile miwili ilijifunza mikono mingine. Siku moja Projest alirudi ameshikilia ukuta, akamwambia mama yake kuwa miguu yake haina mifupa, na tumbo halikubali chakula.

"Utaanza uji," Kemirembe alisema, akamwekea bakuli mbele yake.

Hakukuwa na siku ambayo Kokwijuka alimwonea huruma. Alingoja huruma ije, maana alilelewa vizuri, lakini kila ilipokaribia mlango, aliuona utosi wa mwanawe umebonyea, na huruma ikageuza njia.

Jumamosi foleni ilikuwa ndefu kuliko kahawa iliyokuwepo. Watu walikuja na magunia nusu, wengine na vikapu, wengine mikono mitupu. Projest alisimama nyuma ya meza yake, suruali ya kaki imekazwa kiunoni kwa kamba ya mgomba, kalamu ikitikisika sikioni. Kokwijuka alifika na chakula kilekile, matoke na maharage ndani ya jani, na kapu mkononi. Aliwaamkia wazee. Akamkabidhi Deodatha kwa mwanamke aliyekuwa mbele ya foleni. Kisha akamgeukia mumewe.

"Panda," alisema.

Projest aliwatazama watu ambao kahawa yao alikuwa ameipima misimu yote ile. Hakuona hata mmoja aliyetazama pembeni. Akapanda. Kokwijuka akakisukuma kijiwe cha mizani taratibu, kidogo kidogo, na kutoka nyuma Ndyamukama akamwomba aondoe kidole, ampime karani kwa haki. Aliusoma uzito kwa sauti, wazi, mara moja. Watu waliupokea kimya kama wanaoupokea mwili wa Bwana.

Ndipo akatoa kapuni kikombe, maji, kijiko na lile kopo. Projest aliyekuwa bado juu ya ubao alimwambia kwa sauti ambayo mkewe pekee aliisikia, "Imetosha, Kokwijuka."

Kokwijuka alitia kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akakoroga mpaka kijiko kikaacha kulia.

"Wanaoanza wote huogopa," alimjibu.

Akainua kikombe, akaonja yeye kwanza kwa ncha ya ulimi, kama ilivyo desturi, kisha akampa kwa mikono miwili.